Ndimu Yenye Vinyweleo

Jumatatu, 4 Mei

Saba! Mti wangu wa nyuma ya mabati umezaa ndimu saba. Nimezihesabu kabla ya chai na baada ya chai. Ndogo, za mviringo, na ganda lina vinyweleo laini kama shingo ya mtoto mchanga. Ndimu yenye vinyweleo! Nani aliwahi kuiona? Hakuna.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Chama chetu cha wapanda ndimu kina watu kumi na mmoja na kanuni moja tu ya maana: ukileta ndimu ambayo hakuna mwanachama anayeitambua, Mkunga anaiandika kwenye daftari kubwa kwa jina utakalolitaka wewe. (Mkunga ni mwenyekiti wetu. Alistaafu kuzalisha akina mama, sasa anazalisha miche.) Na Jumamosi hiyohiyo mimi na mke wangu tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Aliwahi kuniambia, tena bila hasira, kwamba maisha yake yote jina lake limeandikwa kwenye kitambulisho na kadi ya hospitali, basi. Na mimi kazi yangu kuchonga mihuri! Nimewachongea majina watu wa mji mzima. Neno lile limenikaa rohoni. Sasa dawa yake nimeipata: ndimu itaitwa kwa jina lake.

Kikwazo ni kimoja, Fundi Saa. Mwaka juzi ndimu yangu ya dhahabu aliitambua kuwa ni limau. Mwaka jana ile kubwa ya kijani akasema ni chungwa halijaiva. Mbele za watu! Safari hii haoni mti, haoni jani. Ataonyeshwa tunda tu, na tuone.

Jumanne, 5 Mei

Nimeupogoa mti ili nguvu zote ziende kwenye zile saba. Shina limenenepa, lina miiba mirefu, na majani yake hutoka matatumatatu. Mti wa heshima zake. Ubavuni kulikuwa na kitawi dhaifu, vijani vidogo kama punje za mchele, na vitunda vinne virefu vyembamba vimepinda kama vidole vya bibi kizee. Ugonjwa huo, mtu haulizi. Nikakikata, nikakitupa kwenye pipa.

Mke wangu akatoka jikoni kuniuliza nimekikata kwa nini, maana yeye alikuwa anakipenda. Kwa haki mti ni wake. Kaka yake, dereva wa malori, ndiye aliyemletea mche miaka sita iliyopita. Nikamweleza mambo ya kitaalamu. Hakujibu. Nyumbani kwetu kutojibu si kukubali, lakini nilikuwa na haraka.

Dukani nimechonga mhuri wa jina lake, herufi za mviringo zenye mkia. Nimeuficha kwenye kopo la gundi.

Jumatano, 6 Mei

Ujasusi. Nimekwenda kwa Fundi Saa na saa yangu ya mkononi kama kisingizio. Ilikuwa nzima, kwa hiyo ilinibidi kwanza niigonge kidogo kwenye ukingo wa meza. Mezani kwake amepanga ndimu tisa juu ya kitambaa cheupe, kila moja na karatasi yake: uzito, unene wa ganda, idadi ya mbegu, harufu. Anazipima kwenye mizani ya vipuri vya saa! Ana kile kioo chake cha kubana jichoni. Alipoinua uso kunisalimia bado amekibana, nikajiona na mimi napimwa.

Akaniuliza kwa upole kama nina kitu Jumamosi. Nikasema huenda. Akanishauri nilete na jani, kwa kuwa matunda haya hufanana sana na jani ndilo linaloeleza mti ni wa ukoo gani. Nikamjibu mti wangu haupendi kuchumwa majani. Akasema pole. Pole ya nini? Kiburi kitupu!

Saa sasa imekufa kweli. Nitaipata wiki ijayo.

Alhamisi, 7 Mei

Majaribio ya ladha. Nimekata moja, zimebaki sita. Kisu kimenata. Vidole vimenata. Mbegu tele, maji haba. Nikamkamulia mke wangu kwenye chai. Akanywa, akafumba jicho moja, na jicho likakataa kufunguka. Lilipofunguka akauliza kama nimemtilia dawa ya mende. Kwenye karatasi yangu nimeandika: ladha yenye msimamo.

Mchana shemeji akapita na lori lake. Akauliza kama ile ndimu aliyoleta imeshaanza kutoa shanga ndani yake. Nikamwambia habari ya shanga sina, yangu ina vinyweleo. Akakuna kichwa, akasema yeye vinyweleo havikumbuki. Watu wa barabarani hawa wanaona mengi, hawawezi kushika yote. Nikambadilishia mazungumzo.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepiga mhuri vibandiko arobaini. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nimemwambia mke wangu aje kwa Mkunga kesho saa nne, avae lile gauni la bluu. Kuna jambo, nikasema. Akauliza ni jambo au ni balaa. Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya uani kwa Mkunga.

Nilianza vizuri. Nilizipanga ndimu sita kwenye sahani, watu wakasogea, nikaona midomo wazi. Nikajipiga kifua. Fundi Saa akabana kioo chake, akanusa, akakata moja, akaangalia kisu kilivyonata. Kisha akanyoosha mkono begani kwangu, akabandua kitu kilichonasa kwenye koti langu kwa mwiba. Jani. Majani matatu kwenye kikonyo kimoja.

Angeweza kunicheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mti huo kila mtu aliyemo humu anao nyumbani, ila uko chini. Ni mti wa kuungia. Mkunga akaeleza polepole, kama anayempa mzazi habari mbaya: mche wa shemeji ulikuwa miti miwili, shina gumu chini na ndimu ya thamani imeungwa juu yake. Chipukizi la shina likaachwa, likakua, likammeza mwenzake. Miaka sita nimempalilia mbeba mzigo, na mgeni mwenyewe nimemnyima maji. Akauliza kama hapakuwa na kitawi kingine, kidogo, cha pembeni.

Kitawi! Pipani! Na ng'ambo ya sebule mke wangu anaingia na gauni la bluu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Fundi Saa na chama chote si kitu. Mti wa kaka yake nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu, ndani ya wiki ya kumheshimu.

Mkononi alikuwa na kopo la jemu. Ndani ya kopo, maji. Ndani ya maji, kitawi.

Alikitoa pipani Jumanne ileile, nilipokwenda dukani. Alisema hakuona sababu ya kitu kizuri kutupwa, akaona kitapendeza mezani kwa Mkunga. Fundi Saa akachukua kimoja cha vile vidole, akakikata, akakibinya. Zikamiminika shanga! Nyeupe kama lulu, kila moja na maji yake, zikabingirika mezani. Kioo kikamdondoka jichoni. Ndimu kidole, akasema. Ameiona kwenye picha tu. Wote tulikuwa tumeiona kwenye picha tu.

Siku nne majini, lakini macho matano ya kitawi, yale yanayochipuka, bado mabichi. Fundi Saa akanawa mikono, akachukua kisu chembamba cha kuungia, akayahamisha moja moja kwenye miche mitano ya Mkunga na kuyafunga kwa kitambaa, bila kupumua, mikono ileile ya kushika springi za saa. Miche tunaichukua nyumbani; wiki tatu ndipo tutajua.

Jina jipya haiwezi kupewa, kwa sababu inalo lake. Ila daftari lina safu ya aliyeileta. Mkunga akashika kalamu, akamgeukia mke wangu. Mimi nikatoa kopo la gundi. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikapiga mhuri.

Nikaupiga juu chini. Miaka thelathini ya kazi!

Mke wangu akaligeuza daftari kuusoma. Akasema mtu mzima ovyo, ulikata tawi langu. Halafu akanisogezea daftari, akaniambia nipige tena, taratibu, herufi zisimame. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Jumamosi, 30 Mei

Macho manne yamekauka. Moja limeshika! Limechomoza vijani viwili kama punje za mchele, juu ya kitambaa cha kufungia. Ndilo pekee tulilo nalo. Fundi Saa amekuja kila asubuhi kuliangalia, anakunywa chai yetu, na saa yangu hajairudisha. Leo kabla ya kuondoka amenikumbusha mara tatu: chochote kitakachochipuka chini ya kitambaa, kata palepale. Mke wangu akaniapisha. Nikaapa.

Wote wawili wakaenda sokoni kununua mbolea. Nikainama. Chini ya kitambaa kuna chipukizi. Nene, lina afya, lina miiba. Majani matatumatatu.

Nikashika kisu. Kisha nikaangalia vizuri. Jani moja lina vijani vinne! Nimehesabu mara mbili. Nani aliwahi kuona vinne? Hakuna.

Nimelifunika na kikombe kilichopasuka, wasilione. Nimeufungua mpira mpya wa mhuri. Nitatumia jina langu safari hii, na herufi mbili za kwanza zimetoka vizuri sana.