Kizibo cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Dada Mkubwa katuma ujumbe. Anakuja Jumapili kukagua bustani ya marehemu mama. Kabichi zikipendeza, bustani inabaki kwangu. Zikiwa mbovu, anampa fundi cherehani, jirani yetu. Mtu baki! Mimi nimelelewa kwenye bustani ile, nikilala juu ya gunia huku mama akipalilia na kuimba vibaya. Nimetoka kuziangalia. Miche arobaini, imejikunyata kama watoto waliofokewa. Siku sita zinatosha. Mimi si mjinga.

Jumanne, 4 Machi
Nimekumbuka kanuni ya mama. Kwanza koleo la samadi iliyooza vizuri kwenye kila shimo. Mche ukishashika, kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya dukani, kuuzunguka, mbali na shina. Alisema samadi inalisha udongo, ya dukani inalisha mche, na mboga haina tumbo la mbeba mizigo. Ah, mama! Kizibo chenyewe sijakiona tangu msiba. Ila kama kizibo kimoja kilitoa kabichi ya kujaza beseni, kikombe kizima je? Nimetumia kikombe changu cha povu la kunyolea. Kinyozi hakosi kipimo.

Samadi iliyooza sina. Mfuga kuku kanipa mbichi, bado ina mvuke, akanionya niiache miezi miwili. Nikamjibu kwamba Dada Mkubwa haongoji miezi miwili.

Jumatano, 5 Machi
Wateja wawili wamekimbia kinyozini, mmoja akiwa na nusu ya ndevu. Eti mikono yangu inanuka banda. Fundi cherehani kachungulia juu ya ua, akauliza naunguza nini. Nikamwambia akashone. Wivu tu!

Ijumaa, 7 Machi
Majani yamekuwa kahawia kwenye kingo. Labda ndiyo rangi ya kushiba. Mchana yakalala chini. Kumbe zina njaa, maskini! Nimeongeza nusu kikombe.

Jumamosi, 8 Machi
Zimekufa. Zote arobaini. Nimekaa kwenye gunia la mama, nikashindwa hata kujitetea. Enzi zake kabichi zilikuwa zikigusana mashavu, huoni udongo. Akinituma kuchuma moja, naikumbatia kwa mikono miwili hadi jikoni, naye anacheka kwamba nimebeba mdogo wangu.

Halafu akili ikanijia. Nimenunua kabichi kumi sokoni, nimezichimbia mstari wa mbele na kuzinyunyizia maji. Mtu akisimama getini, haoni tofauti.

Jumapili, 9 Machi
Dada Mkubwa hakusimama getini. Kaenda moja kwa moja, kashika kabichi ya kwanza, ikamjia mkononi nzima nzima. Haina mzizi. Ya pili, vilevile. Nikasema ni mbegu mpya.

Sikufokewa. Dada kakaa juu ya gunia, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe, kicheko kimeisha. Akasema mama angetuchapa wote wawili. Nami nikalia. Kinyozi mzima!

Hukumu: bustani kwa fundi cherehani. Kumbe mama alimfundisha kila kitu, na kabichi zake upande wa pili wa ua zinagusana mashavu. Mimi nimeachiwa mstari mmoja, wa mwisho, karibu na choo. Nimekubali. Ningefanyaje?

Kisha fundi akaingiza mkono kwenye kopo lake la vifungo, akanitolea kizibo. Ukingo umepinda, kutu kidogo. Chenyewe! Anasema mama alimwachia, akamwagiza anipe nikishatulia. Nina miaka hamsini na mbili. Fundi kasema hana uhakika kama nimetulia, ila yeye amechoka kungoja.

Nimekishika jioni nzima. Mama, nisamehe. Sasa nimeelewa, tamaa ndiyo iliyoniponza. Nimeapa mbele ya kizibo hiki: kila mche utapata kizibo kimoja tu, wala sizidishi hata punje.

Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja.