Ganda la Pai, Ghorofa ya Pili

Lonnie Vickers alipanda ngazi za mahakama ya kaunti ya Tarlow kwenda kulipa faini ya kuegesha gari mbele ya bomba la zimamoto, akashuka akiwa amepata kazi mpya. Faini yenyewe hakuilipa.

Mambo yalianzia ghorofa ya pili, katika ofisi ya karani. Pembeni, chini ya picha za majaji waliokwisha kufa, palikuwa na kompyuta moja iliyobandikwa karatasi: KWA MATUMIZI YA UMMA. Kiti chake kilikuwa na vumbi.

"Hii ya nani, dada?" Lonnie alimwuliza karani, mwanamke mnene aitwaye Twyla, aliyekuwa akitafuna bazoka.

"Yako."

"Yangu?"

"Yako, yangu, ya yeyote. Unaandika jina la mtu, inakuletea kesi zake za madai. Nani kamshtaki nani, mwaka gani, namba ya kesi. Ukitaka kusoma jalada lenyewe unanipa namba, nashuka chini kulitoa. Kusoma ni bure. Ukitaka kopi unalipia, na ukitaka iliyogongwa muhuri unaongeza kidogo."

"Na kama mtu hataki kesi yake isomwe?"

"Akamwombe jaji aifunge. Jaji atamwambia hapana."

"Watu wanajua habari hizi?"

Twyla alikitazama kile kiti chenye vumbi. "Unamwona nani hapo, kaka?"

Lonnie Vickers hakuwa mtu wa kanisa, lakini wakati ule alihisi kitu ambacho wengine hukihisi kwaya inapoanza. Alifuta kiti kwa leso, akaketi.

Mji wa Pickett ni mdogo, umezungukwa na mahindi pande zote, na watu wake husalimiana kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ungedhani hawajawahi kugombana. Kompyuta ilisema vingine. Kinyozi alishtakiwa na jirani kwa sababu ya mti. Pasta alishtakiwa na muuza vinanda. Lonnie aliandika majina yote aliyoyaona kwenye mabango ya madukani, mpaka akafika kwa Ardith Klemm.

Picha ya Mama Klemm ilining'inia benki, posta na kwa daktari wa meno: bibi mwenye nywele nyeupe, ameshika pai ya tufaha yenye utepe wa buluu, mshindi wa maonyesho ya kaunti mwaka baada ya mwaka. Kompyuta ikaleta kesi zake. Ya kwanza ilisema: Klemm dhidi ya Kampuni ya Vyakula ya Snelling. Lonnie hakusoma zaidi ya hapo. Alimpa Twyla namba, Twyla akashuka, akapanda na jalada.

Mama Klemm alikuwa amevunjika jino kwa jiwe lililokuwa ndani ya ganda la pai. Ganda la dukani. Lililogandishwa, la kwenye boksi. Na ili alipwe jino lake, alikuwa ameapa mbele ya sheria kwamba ganda lile alilinunua, "kama ninavyonunua siku zote."

Sasa, katika kaunti ya Tarlow mtu anaweza kukwepa kodi akasamehewa. Anaweza kutoroka na mke wa mtu, na baada ya muda akakaribishwa tena kwenye chakula cha kanisani, mradi alete bakuli la viazi. Lakini sharti la kwanza la shindano la pai ni kwamba ganda likandwe kwa mkono wa mpikaji. Hilo halichezewi.

Lonnie akaandika jina la Snelling, aone kama kuna mwingine aliyekutana na jiwe. Yupo. Dunkel dhidi ya Kampuni ya Vyakula ya Snelling. Lorraine Dunkel, mshindi wa pili wa kila mwaka. Mwezi uleule, mawe yaleyale, jino la upande wa pili.

Lonnie alijifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika.

"Talaka ni dirisha lile kule," Twyla alimwambia kwa huruma.

"Hapana, dada. Hii ni furaha."

Mchana, mkahawani, akiwa na sandwichi ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa, nyama yenyewe imetokeza nje ya mkate kama masikio ya tembo, aliuliza habari za wale mabibi wawili.

"Ni mawifi," alisema mhudumu. "Lorraine ni dada wa marehemu Merle, mume wa Ardith. Hawajasemezana siku nyingi. Wakikutana kanisani kila mmoja anatazama dirisha lake. Chanzo chake ni ile—"

"Hawasemezani?" Lonnie alimkatiza, macho yanang'aa.

"Hata salamu. Ilianza pale Merle alipokufa na ile—"

"Inatosha, mrembo. Niongezee kahawa."

Laiti angemwacha mhudumu amalize sentensi moja tu, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Lonnie alikuwa mtu wa kusikia anachokitaka, na akishakisikia huziba masikio.

Siku ya pili alibisha kwa Mama Klemm akiwa na tai, na kadi ya plastiki imening'inia shingoni. Kadi hiyo ilikuwa ufunguo wa chumba cha hoteli kimoja huko Toledo, lakini aliigeuza nyuma mbele.

"Vickers, mama. Idara ya Kuhifadhi Heshima."

"Idara ya nini?"

"Watu wengi hawaijui, mama yangu. Ndivyo tunavyofanya kazi." Akateremsha sauti. "Kuna mtu anaulizia jalada lako. Lile la jino."

Mama Klemm alishika kitasa cha mlango. "Nani?"

"Sheria hainiruhusu kumtaja. Ila ni mwanamke, na anapika."

"Lorraine!"

"Mimi sijasema, mama. Umesema wewe."

Bibi aliketi kwenye kiti cha ukumbini. Ukutani nyuma yake tepe za buluu zilipangwa kama bendera. "Mwanangu, mimi ni mjane. Sina mtoto. Mikono hii ina baridi yabisi, siwezi kukanda unga. Nikinyang'anywa hizi, mjini hapa nitakuwa nani?"

Kwa muda mfupi Lonnie alimwonea huruma. Ulipita, akaendelea. "Ndiyo sababu nipo. Nitalifunga jalada lako kabla ya maonyesho. Unatoa kidogo sasa, kingine Ijumaa. Ila nakusihi jambo moja: usikanyage mahakamani. Mwenye jalada akienda kuliulizia, linafunguka upya."

"Linajuaje?"

"Ni mambo ya kisheria, mama."

Alilipwa. Mchana huohuo alilipwa na Mama Dunkel, aliyeshika kitasa vilevile na kusema "Ardith!" vilevile. Huyo alimpa na kipande cha pai. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, alimpitia kinyozi na pasta pia.

Tumwache sasa akihesabu baraka zake, tupande ngazi.

Mtu hawezi kuishi miaka sabini na kitu katika kaunti ya Tarlow akaambiwa asiende mahali, asiende. Alhamisi asubuhi Ardith Klemm aliingia ofisi ya karani amevaa miwani ya jua na kitambaa kichwani. Twyla alimtambua tangu ngazini, lakini alikuwa mwenye adabu.

"Nikusaidie, mgeni?"

"Nataka kujua kama jalada la mtu fulani limefungwa."

"Mwandike hapo, mama. Jina, halafu bonyeza hapa. Ukilijua jina la aliyeshtakiwa tu, vilevile utaipata kesi."

Ardith aliogopa kuandika jina lake. Akaandika Snelling. Ikatokea kesi yake, wazi kama nguo kwenye kamba. Na chini yake ikatokea nyingine.

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa bibi mwingine mwenye miwani ya jua na kofia ya mazishi, anasubiri zamu ya kompyuta. Naye alikuwa amesoma.

Walitazamana kupitia vioo vinne vyeusi.

"Wewe," alisema Ardith.

"Na wewe," alisema Lorraine.

"La dukani!"

"La dukani, wifi, kama lako! Miaka yote hiyo nimekaa nyuma yako nikijiuliza nakosea wapi, kumbe boksi ni moja!"

"Mimi naweka mdalasini zaidi."

Twyla alitoa bazoka mdomoni. "Mama zangu, hakuna jalada lililofungwa hapa, na hakuna aliyewahi kuulizia majalada yenu isipokuwa kijana mmoja wa tai. Alicheka mpaka nikadhani ameachwa na mkewe."

Lorraine alivua miwani. "Ana kadi shingoni?"

"Idara ya Kuhifadhi Heshima," Ardith alisema polepole.

"Ardith, ile pikapu ya kaka yangu bado iko kwako?"

Ardith alitaka kununa kwa mazoea. Ndipo alipoona kitu usoni mwa wifi yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Merle, wakatabasamu pamoja.

Ijumaa Lonnie alifika kuchukua kilichobaki. Mama Klemm alimpokea akijifuta macho kwa aproni.

"Baba, fedha sina. Nina hii tu."

Alifungua mlango wa banda. Ndani ilisimama pikapu nyekundu ya zamani, imepakwa nta mpaka ukiinama unajiona meno. Merle aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Lonnie alijua magari. Alijua vilevile kwamba watu wa mjini wangeuana kwa gari kama lile.

"Naipokea kwa moyo mzito, mama," alisema, akiwa ameshaukalia usukani.

"Lakini inazidi deni langu, mwanangu. Nirudishie chenji."

"Chenji, mama?"

"Au niiuze mnadani, nikulipe Jumatatu?"

Jumatatu Lonnie alipanga kuwa mbali. Alitoa bahasha yake ya mfuko wa ndani, yenye fedha za Ardith, za Lorraine, za kinyozi na za pasta, na zake mwenyewe chache, akamkabidhi yote, moyo ukimcheka. Gari zima kwa bahasha!

"Jambo moja tu," bibi alisema. "Kumbukumbu zangu zote za mahakamani umezipitia?"

"Zote. Ndiyo kazi yangu."

"Na habari za pikapu hii unazijua?"

"Mama yangu, nazijua kuliko wewe."

"Basi niandikie hivyohivyo hapa, utie sahihi. Mimi ni mzee, nasahau."

Lonnie akaandika na kusaini kwa mikogo, na mkia mrefu chini ya jina.

Mtu mwenye akili angeshika barabara kuu usiku uleule. Lakini pikapu nyekundu inataka kuonwa, na Jumamosi kaunti nzima ilikuwa kwenye maonyesho. Lonnie aliamua kupita getini mara moja, polepole, kiwiko dirishani, ndipo aende zake.

Askari wa sherifu, jitu la taratibu liitwalo Coy Bratcher, aliinua mkono.

"Gari zuri. La nani, bwana?"

"Langu."

"Ajabu. Yule mama pale anasema ni lake." Lorraine Dunkel alikuwa amesimama kando ya geti, pai mikononi, akionyesha kwa kidevu. "Na jaji aliamua ni lake, tangu masika. Dunkel dhidi ya Klemm. Walipigania pikapu hii mpaka mawakili wakajenga nyumba."

"Nimeuziwa na Ardith Klemm!"

"Najua. Nina karatasi yako hapa, inasema habari zake zote ulikuwa unazijua. Alikuuzia kwa malipo ya kazi gani?"

Lonnie Vickers, aliyewahi kumuuzia mtu wa Ohio daraja la reli, alitoa leso, akaanza kuupangusa usukani.

"Mama Klemm anasema kuna idara," Coy alisaidia. "Twende ukanieleze idara hiyo."

Twyla alikuwa akipita na hindi la kuchoma lililopakwa siagi. Aliinama dirishani. "Ilikuwa palepale, kaka. Ulipoandika Klemm. Mstari wa pili."

"Dada," Lonnie alinong'ona, "hii kesi yangu, watu wataweza kuisoma?"

"Yeyote. Bure. Ukitaka yenye muhuri unaongeza kidogo."

Kinyozi na pasta walirudishiwa chao. Katika bahasha zilibaki dola chache ambazo mabibi hawakujua za nani. Twyla alijua: zilikuwa za Lonnie. Faini ya bomba la zimamoto ikalipwa hatimaye.

Bado palikuwa na shindano. Tangu Alhamisi kila wifi alikuwa anaijua siri ya mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukaribia jokofu la dukani. Walikanda usiku kucha jikoni kwa Ardith, mmoja akisukuma, mwingine akinyunyiza unga, wakilaumiana na kumlilia Merle kwa zamu. Waamuzi walionja. Mmoja akaomba kisu kikubwa zaidi. Mwingine alisema ganda lina uimara, akashika shavu, na mabibi wote wawili wakaangalia kwa hofu kama jino lipo.

Utepe wa buluu alipewa Vern Hatcher, mkuu wa zimamoto mstaafu, kwa pai ya pichi. Vern, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichemsha hata yai.

Mabibi walipiga makofi na watu wengine, wamekaa benchi moja, bega kwa bega.

"Ganda lake limenyooka sana pembeni," alisema Lorraine bila kugeuza kichwa.

"Kama la mashine," alisema Ardith.

"Jina lake kamili unalijua, wifi?"

"Vernon. La kati sijui. Twyla anasema si lazima."

Jumatatu asubuhi, ofisi ya karani ilipofunguliwa, walikuwa wa kwanza mlangoni. Hawakuvaa miwani, na walikuwa wamekuja na kiti cha pili.