Mkate Umekwisha

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa najifunza Kifaransa, mwaka wa kwanza, na kila niliposhika kalamu ilinibidi niandike kwamba mimi ni mwalimu mstaafu na kwamba paka yuko chini ya meza. Sina paka.

Niweke mambo wazi. Binti yangu aliyeolewa ughaibuni atajifungua mtoto wa pili mwezi wa tano. Anahitaji mtu wa kukaa naye, ampeleke shule binti yake wa kwanza, aseme na walimu, aende dukani. Huko ni Kifaransa kitupu. Mjukuu mwenyewe, mwenye miaka sita, hajui lugha nyingine. Sijawahi hata kumshika mkono. Chumba cha wageni ni kimoja, na kitanda chake ni chembamba. Waliojitokeza ni wawili: mimi, na dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Binti akakata shauri: sote tusome, na atakayefanya vizuri zaidi katika mtihani wa mazungumzo ndiye atakayekwenda.

Nilicheka. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote ya kazi. Wanafunzi waliniita Bwana Ngeli, nyuma ya mgongo wangu, nami sikuona ubaya. Dada hajawahi kumaliza sentensi katika lugha yoyote.

Mtihani ni Jumanne ijayo. Sina wasiwasi.

Jumatano, 5 Machi

Darasani. Mwalimu, msichana mchangamfu kupita kiasi, alipitia yote tuliyosoma: salamu, herufi, hesabu, familia, saa, hali ya hewa, kuuliza njia, kununua mkate. Kitabu kizima cha mwaka wa kwanza, na mwishoni mtu mzima anaweza kununua mkate. Sidharau. Nasema tu.

Akauliza kila mtu alifanya nini Jumapili. Dada hakungoja kuitwa. Kwa Kifaransa chake alisema: mimi, soko, mvua, viatu, kwisha! Akavua kiatu kimoja akakikung'uta. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akapiga makofi. Kitenzi hata kimoja hakikutajwa!

Mimi nilikuwa naandaa jibu. Kiima kilikuwa tayari. Kitenzi nilikihakiki mara mbili. Nilipoinua mkono, watu walikuwa wanabeba mikoba yao. Nikamwambia mwalimu kwamba sentensi yangu imekamilika. Akasema, "Babu, itunze mpaka Ijumaa."

Nilibaki nyuma nikamweleza, kwa faragha na kwa nia njema, makosa ya dada yangu. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza kama nilielewa dada alifanya nini Jumapili. Nikakiri kwamba nilielewa: alikwenda sokoni, akanyeshewa, viatu vikaharibika. Akatabasamu, kana kwamba jibu langu ni hoja.

Kwenye ngazi dada alinisubiri. Akasema, "Bwana mdogo, wewe unampima bibi harusi mpaka anazeeka." Nilishuka ngazi nikiandaa jibu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata upenyo. Darasani kwetu yumo dereva wa teksi ambaye ameanguka mtihani huu mara mbili, kwa hiyo anaujua vizuri kuliko mwalimu. Nilimnunulia chai. Akaniambia kwamba mtahini hupenda somo la duka la mikate: yeye anakuwa muuzaji, wewe mnunuzi. Mara zote mbili ilikuwa hivyo.

Mazungumzo hayo yamo kitabuni, ukurasa mzima. Nimeyakariri. Sehemu ya mnunuzi, na ya muuzaji pia, ili nijue zamu yangu inapofika. Natamka mbele ya kioo cha bafuni, kwa sauti ya kutosha. Jirani amegonga ukuta akauliza kama nimefungua duka.

Dada simwambii. Si siri. Hajauliza.

Sentensi yangu ya Jumatano niliitoa leo darasani. Hakuna aliyekumbuka swali.

Jumapili, 9 Machi

Binti alipiga simu ya video. Dada alikuja kwangu kwa sababu simu yangu ina kioo kikubwa, au ndivyo alivyosema. Alikaa kwenye kiti changu.

Nilianza mimi, kwa haki ya babu. Nikamsalimu mjukuu. Nikamweleza jina langu, kazi yangu, na kwamba naishi katika nyumba ndogo yenye bustani. Sina bustani, lakini kitabu kinayo. Matamshi yangu yalikuwa safi. Mtoto alinitazama kwa makini, kisha akauliza jambo kwa kasi. Nikamwomba arudie polepole, kama tulivyofundishwa. Akarudia. Lilihusu jino. Somo la meno hatujalifikia. Nikamwambia kwamba leo hali ya hewa ni nzuri.

Mtoto akatoka kwenye kioo. Kukabaki ukuta na nusu ya picha.

Dada akaninyang'anya simu. Akaita kwa sauti, akapanua kinywa, akaonyesha pengo lake la upande wa kushoto, lile analotaka tusilione siku za harusi. Mtoto alirudi mbio, akapiga ukelele wa furaha na kuonyesha pengo lake mwenyewe. Wakaendelea hivyo mpaka simu ikapata moto. Bata aliigizwa. Daktari wa meno pia. Sentensi kamili sikusikia hata moja.

Mwishoni binti akauliza, "Baba, umewaona?" Nikamjibu kwamba nimewaona, na kwamba nimewasikia pia. Kisha nikaenda kuosha vikombe. Vilikuwa safi.

Jumanne, 11 Machi

Mtihani. Nilivaa suti ya kustaafia.

Dereva hakunidanganya. Mtahini, bwana mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alisimama nyuma ya meza na kusema kwamba yeye ni muuzaji wa mikate. Nilikaribia kutabasamu. Nikamsalimu. Nikamwomba mkate.

Akasema mkate umekwisha.

Kitabuni hakuna neno hilo! Muuzaji wa kitabuni anauliza, mmoja au miwili? Nikangoja aulize. Hakuuliza. Nikaona nimsaidie: nikasema miwili, tafadhali, iliyoiva vizuri. Akatandaza mikono, akarudia kwamba umekwisha, akanionyesha rafu tupu, yaani ukuta. Akauliza kama ningependa keki. Nikamuuliza bei ya mkate. Akasema, kwa upole, kwamba hapa dukani hamna mkate, bwana. Nikamshukuru, nikahesabu fedha kwenye kiganja kitupu, nikamkabidhi, nikauchukua mkate, nikamtakia siku njema na kutoka.

Kosa la sarufi: hakuna. Lakini alinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Akaingia dada. Mlango ni mwembamba, sauti inapita. Aliambiwa mkate umekwisha, nikamsikia akipaza sauti: aa! watoto! njaa! Mtahini akacheka. Dada akamuuliza yeye mwenyewe hula wapi. Akacheka tena. Kiti kilisogezwa. Alitoka ameshika karatasi ambayo mtahini alimchorea njia ya kwenda kwenye duka lingine, na duka hilo halipo popote duniani.

Tuliporudi aliniuliza mimi nilifanyaje. Nikasema nilinunua miwili.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo yamebandikwa ubaoni. Dada amefaulu vizuri sana. Mbele ya jina langu: sarufi, bora kabisa; mazungumzo, hayakufanyika.

Binti alipiga simu. Akasema atakwenda shangazi. Alilisema hilo kwa sauti laini, ile niliyokuwa nikiitumia kwa wazazi wa watoto walioanguka. Nikampongeza kwa uamuzi wa haki. Kisha akasema kwamba akitafuta godoro anaweza kunilaza sebuleni, kwa sharti moja: nizungumze na mjukuu kwa simu, sisi wawili tu, bila kusoma kitu, mpaka mtoto mwenyewe aseme kwamba anataka babu aje.

Nilikubali kabla hajamaliza. Si kawaida yangu.

Dada amekwisha kutoa sanduku. Akasema atanigawia nusu ya nafasi. Akasema pia, "Mdogo wangu, muulize habari za jino, basi. Mengine atayasema yeye." Nikamwambia kwamba mbinu za ufundishaji sijifunzi kwa fundi cherehani. Akaniambia suti ile inanivuta mabegani, niilete aipanue.

Jumapili, 16 Machi

Nimelitafakari suala la mtihani bila upendeleo. Nilichosema mimi kilikuwa sahihi. Aliyeharibu ni muuzaji. Mazungumzo hubebwa na watu wawili, na mmoja wao hakuwa amejiandaa.

Dawa ni rahisi. Nimeandika mazungumzo ya babu na mjukuu. Yamo maamkizi, familia, jino (nimelegeza msimamo), hali ya hewa, kuagana. Maneno yangu kwa wino wa buluu, ya mtoto kwa wino mwekundu. Yangu nimekwisha kuyakariri, kwa hiyo sitasoma kitu. Nimeyapiga picha na kumtumia binti, pamoja na maagizo kwamba mtoto akariri sehemu yake na asiongeze jambo.

Binti alikawia kujibu. Hatimaye akaandika kwamba mtoto ameipenda, ila nafasi ya mjukuu haitaki. Anataka kuwa mbwa.

Nimemjibu kwamba katika mazungumzo haya hamna mbwa.

Akajibu kwamba mtoto ameuliza, je, mbwa akija?

Nimefungua kitabu. Ukimtoa paka, wanyama ni mwaka wa pili. Nimekataa, kwa lugha ya heshima, na nimemwomba mjukuu aifikirie tena ile nafasi ya wino mwekundu. Mpaka sasa hajasema ndiyo wala hapana. Mama yake anasema yuko chini ya meza na hataki kutoka. Siku atakayotoa uamuzi wake nitaandika hapa, kwa sentensi kamili.