Hotuba ya Kamishna Stoddard Kuhusu Shafti Nyepesi Kuliko Zote

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wilaya, Mheshimiwa Sherifu, Mheshimiwa Malkia wa Tamasha la Viazi pamoja na mama yake mzazi, waheshimiwa madereva wa magreda ya theluji, na wewe fundi wetu wa kuchomelea, Dada LaRue Jorgensen, ambaye nakuomba uketi; itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanane.)

Mimi, Verl Stoddard, Kamishna wenu kwa awamu ya nne, nasimama kwa unyenyekevu mkubwa unaonistahili kutangaza kwamba mchakato shirikishi wa kuchagua malighafi ya shafti za pikipiki za theluji za kikosi chetu cha uokoaji umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili. (Sauti: "Asilimia ya nini, Verl?") Ya mafanikio, ndugu yangu. Sote tunakumbuka Februari, pikipiki zetu zenye shafti za chuma zilipozama kwenye theluji laini, kijana wa familia ya Nyberg akasubiri kuokolewa mlimani kwa muda wa saa saba na kupoteza vidole vitatu vya mguu. Ndipo kamati yangu ilipozipanga shafti nne kwenye mizani ya posta: ya chuma, ratili sita; ya titani, tatu na nusu; ya alumini, mbili na robo; na ile ya kahawia, robo tatu tu, ambayo tuliipitisha kwa kura zote.

(LaRue: "Verl, hiyo ya kahawia ni bomba la karatasi. Ndimo nilimofungia ile ya alumini.")

Dada Jorgensen, kamati ilitumwa kutafuta wepesi, haikutumwa kuchungulia ndani. (Kicheko.)

(LaRue: "Basi wafungieni waokoaji ile ya alumini kwenye pikipiki zao. Nimeichonga mwenyewe, nimeiendesha maili mia tisa, haijapinda hata unywele. Theluji imebakiza wiki tano.")

Maili hizo hazikuendeshwa mbele ya kamati, kwa hiyo kitakwimu bado hazijaendeshwa. (Miguno.)

Shafti nyepesi! Uokoaji mwepesi! (Sauti: "Kichwa chepesi!")

Kwa kumalizia, namshukuru Dada Jorgensen kwa kutuazima pikipiki hii iliyopo jukwaani, ambayo anaihitaji gereji saa kumi. Nawashukuru waokoaji, watakaoendelea na shafti zao za chuma msimu huu. Naishukuru kamati, yaani mke wangu Arlene. Na naishukuru Bodi, ambayo mwezi Mei, theluji ikishayeyuka, itaketi kwa mara ya kwanza kujadili iwapo mradi huu uanzishwe.