Dinosauri Aliyevaa Koti Langu

Kwa Bi. Ummulkheir Shamsudin,
Msimamizi wa Maonyesho ya Wachoraji Chipukizi,
Hurlingham, Nairobi.

Bi. Ummulkheir mheshimiwa,

KUH: KUPINGA KUTUNDIKWA KWA PICHA YA DINOSAURI AMBAYE NI MIMI

Assalaam aleikum. Nakusalimu kwa salamu za kwenu kwa sababu Pwani naijua. Mwaka fulani nilikaa Mombasa wiki mbili, na kufikia siku ya kumi wenyeji walikuwa wananiuliza mimi maana ya maneno. Kwa hivyo usishangae ukiona Kiswahili changu kimenyooka. Shule niliachia darasa la saba, lakini ni kwa vile mwalimu alikuwa amebakisha kidogo sana cha kunifundisha.

Naitwa Mbuthia, wa hapa mtaa wa Satellite, geti la buluu, muulize mtu yeyote. Jumamosi hii utatundika picha iliyochorwa na Wamucii, binti wa ndugu yangu Waithaka. Binti huyo kazi yake ni duka la dawa, Dagoretti Corner. Akitoka huko, anachora dinosauri kwa tableti, kwa kupenda tu. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kutundikwa mahali, na amenunua hata viatu vya siku hiyo. Naomba picha hiyo isitundikwe.

Utauliza, mbona usimkanye mwenyewe nyumbani? Hapo ndipo penye shida. Wamucii ndiye msichana wa kwanza wa ndugu yangu, na kwa desturi yetu akapewa jina la mama yetu mzazi. Tangu akiwa wa kunyonya mimi humwita Mama. Nikikohoa bila kufunika mdomo, yeye ndiye hunikemea. Sasa niambie, mtu atamkemeaje mama yake? Ndiyo maana nimekujia wewe, ambaye hujanizaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shingo. Kwenye picha kuna dinosauri mkubwa ameketi juu ya kreti ya soda, mdomo wazi, anawasimulia dinosauri wadogo saba. Wamucii anadai ile shingo yenye mikunjo aliitoa kwa wale makorongo wenye upara wanaokaa juu ya miti ukielekea uwanja wa Nyayo, na ule mkao wa kujivuna aliutoa kwa jogoo wangu. Mimi nina kioo nyumbani, Bi. Ummulkheir. Hata huyo jogoo alipoonyeshwa picha aliniangalia mimi.

2. Mikono. Nimepewa vijikono viwili visivyofika hata mdomoni. Mikono hii hii iliwahi kuinua pikapu pale Ngong Road ili dereva abadilishe gurudumu, na nikaishikilia hadi akaenda kutafuta spana, akanywa chai, akarudi. Wamucii anasema eti dinosauri wa aina hiyo ndivyo walivyokuwa, kwamba alienda jumba la makumbusho akaichora mifupa mmoja mmoja. Je, yangu aliichora lini?

3. Koti. Huu ni wizi mtupu. Alinipiga picha kwa simu nikiwa nimesinzia kwa kiti, akaihamisha kwa tableti, akagusa koti langu kwa ncha ya ile kalamu yake isiyo na wino, na papo hapo rangi ikawa yake. Ameiokota kahawia yote pamoja na doa la supu kwenye kola. Koti hilo nilipewa na Mzungu niliyemwokoa kutoka kwa kifaru. (Vifaru walikuwa wawili, lakini sipendi kujisifu.)

4. Hiyo kalamu yenyewe. Enzi zetu mtu akichora vibaya, kosa lilibaki pale kwa karatasi likimtazama. Kalamu ya Wamucii haina aibu. Akikosea, anagonga kioo kwa vidole viwili na kosa halikuwahi kutokea. Tena hachori kwa karatasi moja. Anapanga nyingi zinazoonyesha ng'ambo, moja juu ya nyingine, anaziita leya. Watoto wana leya yao, kreti ina yake, na mimi nina yangu peke yangu. Pembeni ya kila leya kuna kijicho, alama ya jicho dogo. Akikigusa, aliye kwenye hiyo leya anatoweka. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama mimi hawezi kuwekwa mahali anapoweza kuzimwa kama taa ya choo.

5. Hadithi. Ukoo wetu wote unajua kwamba nikiwa kwa kazi ya barabara kule Turkana niliona unyayo mkubwa kwenye mwamba, nikajilaza ndani kidogo nipumzike, mvua ikanyesha, na ikabidi nitoke nikiogelea. Sasa soma maneno aliyoandika chini ya picha: "Wanangu, mimi niliona unyayo wa binadamu. Ulikuwa mdogo hata ukucha wangu haukuingia!" Amenipindua hadithi miguu juu. Na linaloniuma zaidi ni kwamba katika hadithi zote mbili, ni ya dinosauri inayoaminika.

6. Mtoto wa tatu kutoka kushoto amelala. Hakuna aliyewahi kulala nikisimulia, ila jirani yangu Kiilu, na yule husinzia hata akishinda drafti.

7. Hili ndilo kubwa. Dinosauri wote walikufa, hata mtoto wa chekechea anajua. Kwa hivyo mtu akichorwa dinosauri, ametangazwa amekufa. Jumamosi watu wataiona picha. Jumapili kanisani wataanza kusema "Mbuthia alikuwa mtu mzuri." Jumatatu chama chetu cha mazishi kitaagiza hema, na wale wakishaagiza hema huwa hawarudi nyuma. Itabidi nife ili nisiwaaibishe. Kwa hivyo ukiinua nyundo Jumamosi asubuhi, jua unanizika.

Kiilu ameshaanza. Jana alinipata getini, badala ya kunijulia hali akaniuliza, "Mzee, leo umekula majani ama umekula mtu?"

Naomba picha isitundikwe. Ikishindikana, ifunikwe kwa shuka safi. Shuka nitaleta mimi. Ikiwa shuka haziruhusiwi, basi nitasimama mwenyewe mbele ya picha tangu mfungue hadi mfunge, nimeipa mgongo, nikiwa nimevaa koti lilo hilo, nikimweleza kila mgeni kwamba hatufanani hata kidogo. Nitaanzia na kile kisa cha Turkana.

Wasalimie wote wa hapo ofisini, askari wa mlangoni, na yule atakayeshikilia ngazi. Wasalimie na wa kwenu Pwani. Waambie wakikwama kwa neno wanipigie.

Wako mwenye masikitiko na afya njema,

Mbuthia Mungai
(binadamu)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Wamucii amepita hapa akitoka kazini, akaikuta barua mezani, akaisoma yote akiwa amesimama. Nilijiona kama siku ile mama mwenyewe aliponifumania na sukari mdomoni. Hakunikemea. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," akatoa tableti, akagusa kile kijicho. Nikatoweka.

Bi. Ummulkheir, nimeiona picha nikiwa simo. Kreti ni tupu. Wale watoto sita bado wameinua nyuso, wanaangalia pale nilipokuwa, wanangoja. Yule mwingine bado amelala, na sasa hana hata sababu. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kiilu, aliyekuja kwa drafti, akachungulia juu ya bega langu: "Wamucii, hiyo kreti si iko wazi? Niweke mimi!"

Nimemwambia Mama aniwashe haraka, na ameniwasha. Barua hii ningeirarua, lakini salamu zimeshaandikwa, na salamu haziraruliwi. Wino wangu nao hauna kijicho. Kwa hivyo ruka namba ya kwanza hadi ya saba. Picha itundikwe karibu na mlango, chini kidogo, watoto waifikie. Nitakuja na koti. Doa la supu sitalifua, lisije likatofautiana na la pichani.