Ripakashen Si Ngoma

Leo nimeaibika mbele ya Mlowo nzima, na mbele ya mama yangu mzazi.

Bwana Shamba, Mzungu, alikuja asubuhi kuzungumza na wakulima wa kahawa. Mkalimani wake anaumwa. Akauliza nani anajua Kiingereza. Nikanyoosha mkono. (Hakuna aliyenisukuma.)

Mama alikaa mbele kabisa, amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Mibuni yetu aliipanda marehemu baba, na sasa yote ina ugonjwa wa kutu. Mama alitaka jambo moja tu: iachwe.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Bwana Shamba anasema, mimi naweka kwa Kinyiha, lugha yetu. Mibuni yenye kutu ing'olewe, ichomwe. Kisha akasema kwamba kwa atakayekataa kutakuwa na "ripakashen".

Nikakwama. Lakini kule misheni nilikosoma nilikuwa kwenye bendi, na sisi wapiga ngoma mwalimu alituita pakashen. "Ri" ni kurudia. (Kamusi ya nini?) Nikapaza sauti: "Atakayekataa kung'oa atapigiwa ngoma, kisha apigiwe tena."

Watu wakatazamana. Jirani yetu akauliza, "Ngoma ya serikali?"

"Ya serikali," nikajibu, kifua mbele.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Akasimama, akacheza. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona akicheza. Wanawake wengine wakamfuata.

Bwana Shamba akanigeukia na Kiswahili chake. "Kwa nini hawa furahi?"

"Kwa sababu ya ngoma, Bwana."

"Ngoma gani? Mimi nasema taabu. Yeye kataa, mimi ng'oa shamba yote, yeye kwenda jela."

Ikabidi niseme upya. Nilimwendea mama kwanza, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba neno lile maana yake ni mabaya yanayomfuata mtu kwa alichofanya. Mikono ikamshuka. Jamani, moyo uliniuma.

"Kwa hiyo mibuni inang'olewa?"

"Inang'olewa, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Basi twende, mwanangu, ukanisaidie kung'oa."

Tumeanza na ule wa karibu na mlango, ambao baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Mama bado amekaa pale kwenye shimo la mbuni ule. Mnaotaka kunicheka, nichekeni kesho. Leo atawasikia.