Kikosi Kilichokufa Mikononi Mwangu

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Leo nimeaibishwa na mstaafu. Mimi! Komando Sitati, miaka kumi na mmoja nikishika maiki katika ukumbi wa video wa Wangeci hapa Bahati. Mtu pekee kutoka hapa hadi Nakuru anayeweza kutafsiri sinema yoyote ya vita bila kuiangalia kwanza. Kuangalia kwanza ni kazi ya waoga. Sauti ya wazungu nazima, yangu nawasha, basi.

Ya leo ilikuwa ya vita vya zamani, vile vya makoti mekundu na bunduki za kushindiliwa baruti kwa kijiti. Nikatazama picha kwenye bahasha ya sinema. Kapteni mrefu, masharubu, farasi mweupe. Nikatangaza: huyo ndiye staringi, mshikeni vizuri. Na kila mtu anajua sheria. Staringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, nyumba itamwangukia, lakini hafi. Nikampa jina kabisa, Kapteni Wafula wa Bungoma. Dakika ya kumi na tisa mzinga ukamchukua yeye, farasi na masharubu.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikawaza haraka, maana mimi si mjinga. Nikasema huyo alikuwa pacha wake, Wafula mwenyewe yuaja. Tukamngoja saa moja na nusu. Hakuja.

Hapo mzee mmoja wa benchi la mbele, Kiprugut, sajini mstaafu wa kambi ya Gilgil aliyehamia hapa Januari na mbuzi wanne, akasema bila hata kugeuka kwamba mtu akipanda farasi mweupe katikati ya uwanja, huyo hupigwa wa kwanza. Watu wakacheka mpaka benchi likavunjika. Benchi lenyewe bovu tangu Pasaka, lakini Wangeci ameniwekea mimi lawama.

Miezi saba Bahati na tayari ana maoni. Mgeni!

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu Nasimiyu ameniuliza kama Kapteni Wafula amezikwa. Ameuliza mbele ya shemasi. Shemasi akatoa pole. Huyu ndiye mke niliyepewa. Anauza mandazi mlangoni pa ukumbi na kila ninachosema kwenye maiki anakirudia nyumbani akigeuza chapati.

Mchana Kiprugut akaja tena. Sinema ya vita vikuu vya kwanza, matope matupu. Nikasema jeshi linachimba viazi. Kiprugut akasema ni handaki. Nikasema viazi. Akasema handaki, kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto afunge zipu. Basi nikamwaga kwenye maiki mbele ya watu wote: kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wageni wasubiri wenyeji wamalize. Nimemweza.

Jumatatu, 11 Agosti

Ujanja wa leo ungewashinda majenerali. Nilimpa Kiprugut maiki! Dakika tano tu. Mzee huongea polepole kama anachambua maharagwe. Nilijua watu watapiga miayo, watanililia mimi nirudi.

Kwanza akarudisha sauti ya sinema. Ati watu wasikie mvua. Halafu akasema yule askari hajalala siku mbili, mtazameni anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Yule mwingine amevaa buti za mwenzake, zinambana, na mwenzake hazihitaji tena. Basi. Hakuna mzaha, hakuna pu-pu-pu ya bunduki! Ukumbi kimya. Nikadhani wamelala. Nikapita nikiwachungulia mmoja mmoja. Macho wazi wote. Hata yule jamaa wa nyuma anayetafuna miwa tangu nimjue alikuwa ameacha kutafuna.

Dakika tano zikawa arobaini. Halafu Wangeci akasimama mbele akatangaza mashindano. Jumapili, sinema mpya, kila mtu nusu yake, watazamaji waamue. Mshindi anabaki na maiki moja kwa moja. Anayeshindwa anakata tikiti mlangoni. Nikamwuliza, na miaka yangu kumi na mmoja? Akasema kwa miaka hiyo kumi na mmoja kazi yake imekuwa kununua mabenchi.

Sijali. Sina wasiwasi. Sijala, lakini ni joto.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Nakuru kwa Jamleck, muuza sinema wa karibu na soko. Huziweka kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, picha juu. Wangeci alikuwa ameagiza sinema ya Jumapili kwake na kumwonya asimwonyeshe mtu. Jamleck akaapa kwa mama yake kwamba hatanipa. Mwaminifu huyo! Nikamkumbusha ni nani aliyewaambia wakwe zake kwamba yeye ni injinia. Akanipa na nakala ya ziada.

Ndiyo, nitaiangalia kwanza. Si woga. Ni upelelezi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefunga mapazia mchana kweupe nikaiangalia. Bure kabisa! Askari kumi na mmoja wamewekwa kulinda daraja. Saa nzima wanapika, wanafua, wanaandika barua, wanatazama mto. Hakuna aliyepigwa hata kofi. Hii si vita, hii ni kambi ya vijana wa kanisa. Nikasinzia. Nilipoamka Nasimiyu alikuwa amechomoa flashi anatazama kwaya.

Haidhuru. Nusu ya kwanza ninayo kichwani, nami ndiye nitakayeanza. Nimeandika vichekesho arobaini, kila kimoja na mahali pake. Sufuria, soksi, barua, vyote. Nusu ya pili aumie nayo mzee.

Nasimiyu akauliza, je, usipoanza wewe? Nikamwambia mwenye nyumba haingii kwake wa pili. Na wiki hii yote nimehakikisha Bahati nzima inakumbuka Kiprugut ni nani. Kwenye mashine ya unga, mgeni. Kwa kinyozi, mgeni. Kanisani, wakati wa matangazo, mgeni. Nimewaingizia vichwani vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nikashika maiki. Wangeci akaninyang'anya. Akawauliza watu nani hujipakulia kabla ya mgeni. Wakajibu kwa sauti moja, hakuna! Mgeni kwanza! Na aliyepaza sauti kuliko wote ni kinyozi.

Kiprugut akaketi na maiki. Hata hakusimama. Na akafanya upumbavu wa ajabu, akampa kila askari kwao. Yule mrefu ni wa Molo, ameacha viazi bila kupaliliwa. Mpishi ni wa Njoro, chai yake hunuka moshi lakini hakuna anayemwambia. Mdogo anayeandika barua ni wa Elburgon, mama yake hajui kusoma, husomewa na mwalimu. Kumi na mmoja wote. Nikapiga kelele kutoka nyuma, staringi ni nani? Akasema wote. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Zamu yangu. Vichekesho arobaini, na soksi zilikuwa zimeshaanuliwa! Dakika ya tatu yule wa Molo akaanguka. Mama mmoja akapiga mayowe, na viazi je? Nikasema ameteleza, daraja lina utelezi. Hakuinuka. Wa pili akaanguka. Nikasema wanapumzika kwa zamu. Wa tatu, wa nne, mpaka wa sita. Ukumbi ukachafuka. Ati Komando unawamaliza! Ati kwa mgeni hakuna aliyekufa! Kana kwamba mimi ndiye niliyeshika bunduki!

Mama yule akasimama, akanisihi kwa jina la Yesu nimwache mpishi. Nifanyeje? Nikamwahidi. Mbele ya watu wote nikamwapia mpishi hafi. Mpishi akalala chini kando ya sufuria. Nikasema moshi umemlevya. Halafu wanne waliobaki wakachimba shimo wakamtia ndani. Mama akalia kwamba nimezika mtu mzima mzima. Kandambili ikanipata sikioni. Halafu kipande cha muwa. Nilijua kimetoka wapi.

Nikaiweka maiki chini mwenyewe. Imeandikwa hapa na isisomwe na mtu.

Kwenye sinema wale wanne walikuwa wamesimama kando ya makaburi, kofia mkononi. Kiprugut akainuka pale mbele, bila maiki, akaanza kuita. Wa Molo. Wa Njoro. Wa Elburgon. Akaita wote saba. Nikadhani amemaliza. Akaongeza wawili ambao hawakuwa kwenye sinema, majina ya kwetu kabisa, Kigen na Owino. Akasema hao alikwenda nao nchi za watu kulinda amani, akarudi bila wao. Akasema Owino ndiye aliyekuwa akiwachekesha asubuhi ile. Kisha akaketi.

Nilipotazama, ukumbi wote ulikuwa umesimama. Watu wazima, wanasimama kwa heshima ya televisheni! Mimi pia nilisimama, lakini mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi. Na machozi yalikuwa ya moshi wa mandazi ya Nasimiyu. Nitamwambia ahamishe jiko.

Wangeci hakuhesabu hata kura.

Jumanne, 19 Agosti

Nakata tikiti. Nasimiyu amesema hatimaye nimepata kazi ya kurarua vitu kwa ruhusa. Mama wa mpishi, ndivyo wanavyomwita sasa yule aliyenisihi, hupita na tikiti yake bila kunisalimia. Kila anayeingia ananiuliza leo nitaua wangapi.

Saa sita Kiprugut akaja mlangoni. Nilijua amekuja kunicheka. Lakini akaniambia Jumamosi ana mazishi Eldama Ravine, na amemwomba Wangeci nishike maiki siku hiyo. Wangeci amekubali, japo alikubali akitazama mabenchi. Kiprugut akanipa flashi mkononi, ndani ya bahasha yake. Akaniomba mambo mawili tu. Niiangalie kwanza mpaka mwisho. Na nisimwahidi mtu yeyote uhai wa mtu. Akanishika bega, akaenda zake.

Maskini! Uzee umemlegeza. Anamkabidhi adui silaha kwa mkono wake mwenyewe, halafu anajiita mwanajeshi. Nikirudi kwenye maiki mchana mmoja tu, atanitoa nani?

Kuiangalia? Ya nini, na picha iko juu ya bahasha? Kikosi kizima cha wapanda farasi, na mbele yao kanali mrefu, masharubu, farasi mweupe. Nilipomwona nilipiga kofi paja langu. Ni Wafula! Si niliwaambia kuna pacha? Walimngoja saa moja na nusu, sasa anafika.

Jioni nimemwita mama wa mpishi kando pale mlangoni nikampa habari njema. Nimemwapia kwa kichwa cha mama yangu. Huyu, hafi.